Somo la Afya: Mtoto Mdogo Anapoharisha na Kutapika



Ni saa nne usiku. Mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu ametapika mara mbili tangu jioni, na sasa ameharisha maji matupu juu ya mkeka. Zahanati iko mbali na nje ni giza. Jirani aliyekuja kukusaidia anakushauri usimpe mtoto kitu cha kunywa, kwa kuwa "kitatoka tu". Somo hili linahusu usiku kama huo. Lisome mapema, mtoto akiwa mzima, na umsomee mwenzako asiyejua kusoma.

Kwanza tuelewe hatari iko wapi. Mtoto anayeharisha huuawa na ukosefu wa maji na chumvi mwilini kabla ya kuuawa na ugonjwa wenyewe. Mtu mzima ana akiba kubwa ya maji, mtoto hana. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja bila kurudishiwa, amepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na hapo maisha yake yako hatarini. Kwa mtoto anayetapika na kuharisha kwa wingi, lita moja inaweza kutoka kati ya jioni na asubuhi. Kwa hiyo ushauri wa yule jirani, ingawa ameutoa kwa moyo mwema, ni ushauri wa hatari. Kuharisha kutaendelea kwa siku kadhaa hata usipompa maji. Kazi yako ni kurudisha kile kinachotoka.

DAWA YA MAJI

Dawa ya kwanza ni pakiti ya ORS, ambayo ninyi mliotoka Kongo na Burundi wengi mnaijua kwa jina la SRO. Ndani yake kuna sukari na chumvi za namna mbalimbali kwa kipimo maalumu. Sukari ndiyo inayofungua njia ya chumvi kupita katika utumbo, na chumvi ikipita huvuta maji. Ndiyo maana maji peke yake hayatoshi, na chumvi peke yake haifai.

Inafaa mjue kwamba dawa hii ilipata sifa katika matibabu ya wakimbizi. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia vita kutoka Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo sasa ni Bangladesh, wakaingia India. Kipindupindu kikazuka. Katika mji wa Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundika mshipani. Akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji ndani ya mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha wagonjwa wao kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Walionywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, baba na shangazi.

Kuchanganya: nawa mikono kwa sabuni. Soma kwenye pakiti inahitaji maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita, na kukosea hapo si jambo dogo. Chupa mbili za maji za nusu lita hufanya lita moja. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini. Mimina pakiti yote, usigawe nusu ya unga kwa ajili ya kesho. Koroga na ufunike. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga uchanganye mengine. Usiongeze sukari ili yapendeze, wala usiyachemshe baada ya kuchanganya.

Kama hakuna pakiti usiku huo, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa kwa kisu, na chumvi NUSU kijiko cha chai iliyosawazishwa hivyo hivyo. Onja kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mchanganyiko huu ni wa kuvukia usiku tu. Asubuhi nenda ukachukue pakiti.

KUNYWESHA

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Mtoto ana kiu, anakinyakua kikombe, anakunywa chote kwa pupa, kisha anakitapika chote. Mama anasema, "Tumbo lake halikubali dawa." Tumbo limekataa wingi, halikukataa dawa.

Mpe kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja, halafu usubiri dakika moja au mbili, kisha kingine. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Usidharau kijiko. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Kimoja kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa moja, karibu kikombe kizima cha chai, na mtoto hatasikia kwamba tumbo limejaa.

Ni kazi ya kuchosha, hatufichi. Ndiyo maana baba asilale huku mama peke yake ameshika kijiko. Peaneni zamu ya saa moja moja. Hata dada wa miaka 12 anaweza kushika zamu akionyeshwa vizuri, mradi mtu mzima awe karibu.

Kutapika kukitulia, kipimo cha mtoto aliye chini ya miaka miwili ni robo hadi nusu kikombe cha chai kila baada ya kuharisha. Aliyezidi miaka miwili ni nusu kikombe hadi kikombe kizima. Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko siku nyingine, usiku na mchana. Soda, chai yenye sukari nyingi na maji ya matunda ya dukani vinaongeza kuharisha. Viache.

CHAKULA NA VIDONGE VYA ZINKI

Usimfungishe mtoto. Mara tu anapotaka kula, mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku: uji, viazi vilivyopondwa, ndizi, wali laini, dagaa waliosagwa, na tone la mafuta juu yake. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, kwa sababu mtoto anayeharisha mara kwa mara bila kurudishiwa chakula ndiye huyo tunayemkuta baadaye amekonda.

Kituoni utapewa pia vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kikiyeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Wengi huacha siku ya tatu wakiona choo kimekuwa kigumu. Maliza siku zote, kwani zinki hupunguza pia kuharisha kwa miezi inayofuata.

Vidonge vya kuzuia kuharisha vinavyouzwa sokoni si vya watoto. Antibiotiki nazo haziui virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha mara nyingi kwa watoto wadogo. Usinunue dawa kwa mtu anayepita na mfuko.

Yapo pia mambo ya kienyeji ambayo tunaomba wazee wetu watusikilize bila kukasirika. Kung'oa "meno ya plastiki", kukata kilimi, na kumpiga mtoto bomba la maji ya pilipili au majani haviponyi kuharisha. Vinaleta majeraha, na bomba huzidi kumkausha mtoto ambaye tayari amekauka. Bibi, hekima yako tunaihitaji kwenye kijiko: wewe ndiye mwenye subira ya kukaa na mjukuu mpaka alfajiri.

USINGOJE ASUBUHI

Mpeleke mtoto kituoni mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ukiona moja tu kati ya haya: anashindwa kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu hata kijiko, amelegea na ni vigumu kumwamsha, ametingishwa na degedege, macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, hajakojoa kwa saa sita, choo kina damu, matapishi ni ya kijani au tumbo limevimba, choo ni kingi mno na kinafanana na maji ya mchele. Hiyo ya mwisho huenda ni kipindupindu, na ni lazima ijulikane haraka kwa ajili ya majirani pia. Wengi wetu tunakumbuka Goma mwaka 1994, na Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika Mei 2015.

Mtoto wa chini ya miezi sita asitunzwe nyumbani kwa kubahatisha, apelekwe mapema. Hali kadhalika mtoto aliye katika mpango wa lishe, kwa sababu wengine wao huhitaji maji ya dawa ya aina nyingine. Na mtoto mwenye homa apimwe malaria. Malaria nayo hutapisha na kuharisha, na ORS haiitibu.

Njiani endelea kumpa kijiko. Beba chupa na kadi yake ya kliniki.

CHOO CHA MTOTO

Watu husema choo cha mtoto mdogo hakina madhara. Kina madhara, tena sawa na cha mkubwa. Kitupe chooni, usikitupe nyuma ya nyumba. Nguo zake usifulie bombani watu wanapochota maji, na maji ya kufulia yamwage chooni. Nawa kwa sabuni baada ya kumsafisha na kabla ya kushika kile kijiko. Sabuni ikiwa imekwisha kabla ya mgawo, majivu yanafaa. Kikombe chake kisitumiwe na wenzake. Matone ya chanjo ya rota ambayo mtoto hupewa akiwa mchanga humkinga na aina moja kali ya kuharisha, lakini hayakingi zote, hivyo mikono bado inanawiwa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Leteni chupa na vyombo mnavyotumia nyumbani. Kipi kati yake kinapima lita moja kamili?

2. Mtoto ametapika dakika tano baada ya kupewa dawa ya maji. Utafanya nini, na utangoja muda gani?

3. Mama mkwe anakataza mtoto kupewa maji. Mtamweleza nani, na kwa maneno gani, ili asione amedharauliwa?

4. Kutoka nyumbani kwako hadi kituoni usiku ni mwendo wa dakika ngapi, na nani atakusindikiza?