SOMO LETU: MASIKA NI DARASA
Safari za watoto wa shule bila kumwacha mtoto nyuma



Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo vikundi vingi huwaachia walimu peke yao, yaani safari za masomo, zile ambazo watoto wenyewe huziita tripu. Tunatumia mfano wa mtaa wa Umoja, hapa Eastlands, Nairobi. Lakini hata kikundi cha kijijini kinaweza kulifuata kwa kubadilisha majina ya mahali. Mmoja wenu asome kwa sauti, sehemu moja moja, halafu mjadiliane.

1. Shida yenyewe

Tangu Januari 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo ya masomo. Lakini tripu bado ni juu ya mzazi. Kwa hivyo siku ya tripu darasa hugawanyika mara mbili. Wenye pesa wanapanda basi wakiimba. Wengine wanabaki darasani, au mama anamwambia mtoto akae nyumbani siku hiyo, ati ni mgonjwa. Kesho yake mwalimu anaandika ubaoni: "Andika insha juu ya safari yetu." Sasa yule aliyebaki ataandika nini?

Wacha tuseme ukweli. Huyu mtoto hakunyimwa raha tu, amenyimwa somo. Tena amefundishwa somo lingine baya, kwamba yeye si wa kundi hili. Ndiyo maana tunaliona jambo hili kuwa kazi ya kikundi.

2. Majira yetu ni yapi?

Watoto wetu husoma vitabuni kwamba kule Ulaya mwezi wa Machi theluji huyeyuka, miti huchipua, na walimu huwatoa watoto nje. Sisi hatuna theluji, lakini tunayo masika. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Nairobi.

Mvua hii ina sababu yake. Karibu na tarehe 21 Machi jua hupita juu ya ikweta. Nchi hupata joto, hewa hupanda juu, na pepo zenye unyevu kutoka kaskazini mashariki na kusini mashariki hukutana huku kwetu. Hapo ndipo mawingu hujikusanya.

Watoto wanaweza kuliona jambo hili bila kulipa hata senti. Simamisheni fimbo ya mita moja uwanjani kati ya tarehe 17 na 21 Machi, mnamo saa sita na dakika arobaini mchana. Kivuli kitakuwa karibu kimepotea, maana Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Rudieni mwisho wa Juni. Kivuli kitafika karibu sentimita 46, na kitaelekea kusini. Kumbe jua nalo limehamia kaskazini!

3. Kazi za masika pale pale shuleni

(a) Kupima mvua. Chukueni mkebe wenye pande zilizonyooka, muuweke mahali wazi, mbali na ukuta na miti. Kila asubuhi mtoto mmoja apime kina cha maji kwa rula, aandike milimita ngapi, amwage, aurudishe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la mabati la mita 8 kwa mita 6 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Yote haitaingia kwenye tangi, nyingine itamwagika. Hata hivyo, mzazi wa Umoja anayenunua maji ya mkokoteni mfereji ukikauka ataielewa hesabu hii upesi. Kikundi kikitaka kununua gata na tangi kwa ajili ya shule, mtakuwa na takwimu zenu wenyewe.

(b) Kupanda. Viwanja vya shule zetu za mitaani ni vidogo. Pandeni sukuma wiki kwenye magunia, na mti mmoja kwa kila darasa. Chimbeni shimo mapema, mchanganye udongo wa juu na mbolea ya samadi, mtoe nailoni kabla ya kupanda. Hayati Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alituachia fundisho kubwa hapa: akina mama walipewa kitu kidogo kwa miche iliyoshika, si kwa ile iliyochomekwa ardhini tu. Nanyi hesabuni miti Septemba, baada ya kiangazi cha Julai na Agosti. Si siku ya kupiga picha.

4. Safari ya kwanza iwe ya miguu

Soko la Mutindwa liko hapa hapa kwetu. Mwalimu akipanga, watoto wa gredi ya nne wanaweza kuondoka asubuhi isiyo na mvua wakarudi kabla ya chakula cha mchana. Kila kikundi cha watoto watano kipewe bidhaa moja: viazi, nyanya, vitunguu, ndizi, kabichi. Wamwulize mama mboga kwa adabu:

- Shikamoo mama. Hii imetoka wapi?
- Imefika hapa kwa gari gani, na saa ngapi?
- Mvua ikinyesha sana, bei hupanda au hushuka? Kwa nini?

Wakirudi darasani wachore ramani ya Kenya na kutia alama kila mahali palipotajwa. Jiografia, hesabu na insha zote zimepatikana, na hakuna mtoto aliyebaki. Lakini mwulizeni mama mboga ruhusa siku moja mbele. Yeye yuko kazini, hana saa nzima ya kupoteza.

5. Safari ya gari

Chagueni mahali pamoja tu. Nairobi tumebarikiwa. Nairobi National Park, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina simba na vifaru mlangoni pa jiji. Kuna Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Kuna msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea usinyakuliwe mwaka 1999, hata wakapigwa. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Tuseme safari itagharimu shilingi 600 kwa mtoto. Kwa mkupuo mmoja ni nzito. Mzazi akianza Januari na kuweka shilingi 50 kwa wiki, baada ya wiki 12 zimetimia. Tuseme tena darasa lina watoto 60, na 10 hawawezi kabisa. Upungufu ni shilingi 6,000. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki kwa wiki 10, kimeumaliza.

Angalizo: jina la mtoto aliyelipiwa lisisomwe popote. Mweka hazina na mwalimu wa darasa wanatosha kujua. Na kama pesa hazikufika, msigawanye darasa. Ikiwa wote hawawezi kwenda mbali, basi wote waende karibu.

6. Usalama

Mwaka 2024 mafuriko yalifanya serikali iahirishe kufungua shule kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Kwa hivyo safari ya gari iwe mapema Machi au Juni, na watoto wasipelekwe kando ya mto wakati wa mvua kubwa. Zaidi ya hayo:

- Mzazi atie sahihi barua ya ruhusa, aandike na nambari ya simu.
- Awepo mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Hapa wanakikundi wajitolee.
- Sheria inataka gari la shule liwe la rangi ya manjano. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda.
- Hesabuni watoto kabla ya kuondoka, mkifika, na kabla ya kurudi.
- Mrudi jua likiwa bado liko juu.

Maswali ya kujadili

1. Katika shule yetu, ni watoto wangapi walibaki safari iliyopita? Nani anajua?
2. Ni mahali gani pa kufundishia tunapoweza kufika kwa miguu?
3. Nani kati yetu ana ujuzi wa kuwaonyesha watoto: fundi, mkulima, nesi, dereva?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: watu wawili wamwone mwalimu mkuu, wamwulize tripu ya mwaka huu ni lini, ni ya wapi, na ni pesa ngapi. Walete jibu kikundini, na siku hiyo hiyo mchango uanze.