SOMO LA MIFUGO: Joto, saa na usafi katika kupandisha nguruwe kwa mrija

Mfugaji wa Ngoliba mwenye nguruwe jike wawili au watatu mara nyingi hana dume. Hukodi wa jirani. Dume huyo akizunguka kijiji kizima, huweza kubeba magonjwa kutoka boma hadi boma, na baada ya miaka michache hupandishwa kwa mabinti zake mwenyewe.

Njia ya kuepuka haya ni kupandisha kwa mrija, yaani uhimilishaji. Kwa ng'ombe tumeuzoea, kwani kituo cha Kabete kilianza mwaka wa 1946. Lakini nguruwe si ng'ombe. Mbegu za fahali hugandishwa na kukaa miaka mingi. Mbegu za nguruwe huharibika kwa baridi kali, hivyo hutunzwa zikiwa majimaji, kwenye nyuzijoto 16 hadi 18, kwa siku chache tu.

Je, kutungisha mimba maabarani? Wanasayansi walifaulu kwa nguruwe miaka ya 1980, lakini tatizo kubwa lingalipo: mbegu nyingi huingia katika yai moja, na kiinitete hicho huharibika. Njia hiyo bado ni ya watafiti. Mrija ndio unaomfaa mfugaji leo.

Zingatia mambo matatu.

1. Joto la mbegu. Ngoliba ni eneo la jua kali. Usibebe chupa mfukoni au juu ya bodaboda bila kisanduku cha kuhifadhi ubaridi. Barafu isiguse chupa, wala usiiweke kwenye friji ya nyumbani.

2. Saa. Jike huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo hudumu siku mbili au tatu. Sehemu yake ya uzazi huvimba na kuwa nyekundu. Mkandamize mgongoni: akisimama tuli, yuko tayari. Akianza kusimama asubuhi, apandishwe jioni, kisha arudiwe asubuhi inayofuata. Mpime mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Jike aliyeachishwa kunyonyesha, anza kumpima kuanzia siku ya nne.

3. Usafi. Safisha na ukaushe jike kabla ya kuingiza mrija. Kila jike na mrija wake mpya. Mbegu ziingie polepole, bila kusukumwa kwa nguvu.

Kukosea saa kuna gharama. Jike asiyeshika mimba hungojewa siku 21. Akila kilo mbili unusu kwa siku, amekula zaidi ya kilo 50 za chakula bila faida.

Andika tarehe. Jike aliyepandishwa Machi 1 achunguzwe karibu na Machi 22. Asiporudi kwenye joto, mtarajie kuzaa Juni 23 hivi, maana mimba huchukua siku 114.

Mwisho, uliza mbegu zimetoka wapi. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza humu nchini mwaka wa 1921, haina tiba, na dume mgonjwa anaweza kuieneza kupitia mbegu. Nunua tu mbegu za madume waliokaguliwa, na umwite mtaalamu aliyesajiliwa. Kwa ushauri, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako.