Sharti la namba E ndilo linalokula punguzo lako

*Shangazi, nina miaka 34, mke na watoto wawili, niko Geita. Ni mtunza stoo kwa kontrakta mmoja wa mgodini, mkataba unaisha Juni. Nimeweka milioni 16, SACCOS watanipa 6. Nataka Harrier, ile ya 2.4. Madalali wa Dar na Kahama bei zao ziko juu, na nikitaka kuagiza mwenyewe Japan kodi inanitisha. Nipe mbinu za kupata punguzo la maana. Nikipungukiwa, kuna jamaa Katoro anakopesha siku hiyohiyo. Mke wangu anauza vitenge sokoni, yeye hana neno. Sharti langu ni moja tu: liwe namba E. Shemeji yangu wa Kahama anatembelea D, kwa hiyo D sitaki hata kuonyeshwa. Na liwe mkononi kabla ya harusi ya mdogo wangu kule Kishapu, mwezi wa kumi na mbili.*
*Mtunza Stoo, Geita*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu. Ya rangi, rimu na spika nimeyatupa, nimebakiza panapouma.

Mtu anayetafuta punguzo haanzi na herufi. Namba E inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haielezi liliundwa lini, wala limetembea kilomita ngapi, wala kama injini yake ni nzima. Harrier hiyo ya 2.4 Toyota waliianza mwaka 2000. Ikishuka bandarini Dar leo, pamoja na uzee wake wote, itapewa E. Pacha wake, mwaka mmoja na injini moja, aliyeshuka miaka mitano nyuma, anasoma D. Dalali anajua kwamba wewe hujui, au unajua na hujali, na hapo ndipo anapokupandishia mamilioni. Halafu unarudi kwangu kuomba mbinu za kuyapunguza!

Umesema kodi inakutisha. Ikutishe kweli, ila uielewe. Muuzaji wa Japan akikupunguzia dola 200, usidhani TRA nao watapunguza. Wana orodha yao ya thamani, na kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti yao: weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, utaona jibu kabla hujamtumia mtu senti. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari likizidi miaka kumi, asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Juu ya vyote hivyo, VAT asilimia 18. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila shilingi 100 ya thamani ya hilo gari, kodi hizo peke yake zinapita shilingi 106, na tozo ndogondogo sijazigusa. Uchakavu tu na VAT yake ni kama shilingi 44. Ukiagiza gari hilo, unalinunua mara mbili.

Gari la namba D, kodi hiyo alishailipa mtu mwingine, na maumivu yake alishayameza.

Na wewe unaishi wapi? Ungekuwa Njombe ningekuonea huruma, lakini uko kwenye ukanda wa dhahabu. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akipata mawe mazuri Nyarugusu au Lwamgasa, wiki hiyohiyo ana gari. Duara likijaa maji, vijana wanadai, dizeli ya pampu imekwisha na mwenye shamba anataka mgawo wake, gari linatafutiwa mteja usiku. Huyo habishani sana na mtu mwenye fedha taslimu. Punguzo unalolitafuta Dar liko hapo nyuma ya nyumba yako, nalo mara nyingi limevaa D. Umelifungia mlango mwenyewe.

Kwa nini? Mkeo umemtaja mara moja, tena kusema hana neno. Shemeji amejaa barua nzima. Na kuna mstari uliuandika ukaukata kwa kalamu, lakini wino wako haukufunika vizuri: mwaka jana mlikwenda Kishapu kwa gari lake, mama yako akakaa mbele, wewe na watoto mkabanana nyuma, na mliposhuka mama akamwambia mbele ya watu wote kwamba sasa ukoo umepata mwanaume.

Pole, mwanangu. Neno kama hilo kutoka kwa mama haliishi mwaka mmoja. Sikucheki kwa kuumia. Nakugombeza kwa dawa uliyoichagua. Mama yako hakuisoma ile namba, na ukiingia na E hataisoma pia. Alifurahia kufikishwa mlangoni bila kuteseka na basi. Ukimfikisha kwa D atafurahi vilevile. Anayezisoma herufi ni wewe, na labda shemeji, ambaye, kama naye ni mwenye duara, kwa habari ya wale ninaowafahamu mimi, mwakani anaweza kuwa anakuuzia wewe hilo gari.

Sasa la mkopo wa Katoro, wenzako wanaita kausha damu na hawakukosea jina. Una mkataba unaokwisha Juni. Waulize watu wa Kahama: mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho mwaka 2021, wapo walioambiwa tarehe kabla, kama ulivyoambiwa wewe, na bado ikawakuta na marejesho. SACCOS watakusubiri, watakuita kikao, watazungumza na wadhamini wako. Jamaa wa siku hiyohiyo atashika kadi ya gari, na ukichelewa atachukua gari lenyewe. Utakuwa umepata E ya kutembelea harusini na kurudi.

Mimi naamini jambo moja na sitalibadilisha kwa ajili ya Harrier ya mtu: kitu kikubwa kikinunuliwa katika nyumba, bei yake ijulikane chumbani kabla haijajulikana ukumbini. "Yeye hana neno" si jibu. Nimeolewa muda wa kutosha kujua mwanamke hasemi neno pale ambapo hakuulizwa, au aliulizwa baada ya malipo. Hizo milioni 16 hukuziweka peke yako. Wakati unaweka mshahara, chumvi na sare za watoto zilitoka kwenye vitenge. Mwonyeshe hesabu yote: akiba, SACCOS, tarehe ya Juni, na yule jamaa wa Katoro. Akikuambia milioni 22 zote zisiishie kwenye bodi, zibaki tatu za kukaa nazo baada ya mkataba, msikilize.

Yadi za Dar, kama bado moyo uko huko: ulizia gari lililokaa muda mrefu bila mteja, na ulipe kwa mkupuo.

Ukipata D ya mkononi, jina kwenye kadi na jina kwenye kitambulisho cha muuzaji yawe ya mtu mmoja. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari, maana zinaifuata namba hata gari likibadili mwenyewe. Fundi awe wako, si wa dalali, na aangalie kama injini inakula oili, hizo 2.4 baadhi zina ugonjwa huo. Fedha ya mwisho itoke baada ya kusaini uhamisho wa umiliki.

Na siku ya kupatana bei, wewe kaa kimya. Kazi yako ya stoo ni kupokea mzigo ambao bei yake imeshaandikwa. Umeniomba mimi mbinu za kupunguziwa, na nyumbani kwako yumo mtu anayeshindana bei ya vitenge sokoni kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Mpeleke, mwache aongee yeye. Dalali akitaja bei ya kwanza na mkeo akageuka kuondoka, usimshike mkono. Mfuate.