Fukusi, Mvua au Mashine? Somo la Gugu Maji

Wakazi wa Dunga, Usoma na fuo nyingine za Kisumu wanaijua hasara ya gugu maji. Likifunga ufuo, mashua hazitoki, nyavu hunaswa na mapato ya wavuvi hushuka.

Mwaka 1997, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Kenya (KARI), iliyokuwa ikifuga fukusi wa gugu maji katika kituo cha Kibos, ilianza kuwaachilia katika Ghuba ya Winam. Fukusi hao, wenye asili ya Amerika Kusini kama gugu lenyewe, hukwangua majani, na mabuu yao hutoboa vikonyo. Mwishoni mwa 1998 gugu lilifunika takriban hekta 17,000 za ghuba. Kufikia mwaka 2000, sehemu kubwa ilikuwa imetoweka.

Je, ilikuwa kazi ya fukusi? Katika kipindi hichohicho kulinyesha mvua za El Niño, na baadaye zikaletwa mashine za kukatakata gugu. Watafiti walibishana. Baadhi walitaja hali ya hewa. Wengine walisema fukusi walilidhoofisha gugu kwanza, ndipo mawimbi yakalivunja likazama. Ubishi ulikuwa mgumu kuumaliza, kwa kuwa hapakuwa na ghuba ya pili inayofanana na hii iliyoachwa bila fukusi.

Jaribio dogo huonyesha kilichokosekana. Huandaliwa beseni kumi zenye maji yaleyale na mimea ya ukubwa sawa. Kura huamua beseni tano za kutiwa fukusi; tano hubaki bila. Zote hufunikwa chandarua ili fukusi wasihame na mwanga uwe sawa. Kila wiki majani mabichi huhesabiwa, kisha wastani wa makundi mawili hulinganishwa.

Kwa nini tano, si moja? Mmea mmoja unaweza kunyauka kwa sababu zake. Iwapo beseni za kundi moja zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kama makundi mawili yanavyotofautiana, bado hakuna ushahidi kwamba fukusi ndio sababu.

Gugu lilirudi kwa wingi baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006. Kwa hiyo, mtu anapofika barazani na kusema dawa au mashine yake ilimaliza gugu mahali fulani, mkazi ana haki ya kuuliza: mahali ambapo haikutumiwa, gugu lilikuwaje wakati huohuo?