Raundi Tatu Zilizokatwa: Maisha ya Bondia Ray Mancini

Muhula wa pili chama chetu kiliandaa mjadala wenye hoja hii: "Ndondi zipigwe marufuku." Mimi nilipangwa upande wa kupinga hoja, yaani kutetea ndondi, nikafurahi kweli kwa sababu likizo zote mimi hushinda kwenye ukumbi wa jamii mtaani kwetu nikilipiga gunia la mchanga. Mwalimu mlezi akatuonya kwamba hataki porojo. Kila msemaji alete bondia mmoja anayemjua toka mwanzo hadi mwisho. Nikamchagua Ray Mancini wa Marekani kwa sababu ya uzani wake, ambao ndio wangu. Kumbe nilikuwa nimewachagulia wapinzani wangu hoja yao.

Kwanza tuelewane kuhusu uzani. Bondia wa uzani mwepesi hapaswi kuzidi ratili 135, yaani kilo 61.2 hivi. Si pandikizi la mtu. Ukimkuta amevaa shati na tai utadhani ni mwalimu wa hesabu. Lakini usimdharau! Bondia wa uzani mzito huweza kumlaza mwenzake kwa konde moja na mambo yakaisha. Hawa wepesi hupigana kwa kasi, makonde ni mengi, na mara nyingi hakuna anayelala upesi. Kwa hivyo kichwa hupokea mapigo raundi baada ya raundi. Jambo hili liweke akilini, tutalirudia.

Ray Mancini alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 mjini Youngstown, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Babake, Lenny Mancini, alikuwa bondia wa uzani uo huo na miaka ya 1940 alikaribia kabisa kupigania taji la dunia. Vita vya Pili vya Dunia vikamchukua. Mwaka 1944 akajeruhiwa vibaya kwa vipande vya kombora, na ingawa alirudi ulingoni baada ya vita, nafasi ya taji haikurudi. Ray alikua akijua habari hiyo. Alipoanza ndondi za kulipwa mwezi Oktoba 1979, akiwa na umri wa miaka 18, hakuficha kwamba taji analolitafuta ni la mzee wake. Hata jina la utani, "Boom Boom", alilirithi kwake.

Oktoba 1981 alipewa nafasi ya kwanza, dhidi ya Alexis Argüello wa Nicaragua, bondia stadi ajabu. Kijana alijitahidi lakini raundi ya 14 refa akasimamisha pigano. Hakukata tamaa. Tarehe 8 Mei 1982, mjini Las Vegas, alimshinda Arturo Frias katika raundi ya kwanza tu na kutwaa mkanda wa chama cha WBA. Taji likafika nyumbani kwa Lenny, miaka karibu 40 baadaye. Laiti ningekomea hapa katika utafiti wangu, mjadala ungekuwa rahisi!

Tarehe 13 Novemba mwaka uo huo, mjini Las Vegas tena, Mancini alitetea taji dhidi ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini. Wamarekani wengi hawakumjua Kim, na walidhani atapigwa hivi hivi tu. Nimeutazama mkanda wa pigano hilo kwenye simu ya binamu yangu. Jamani, hakuna aliyerudi nyuma. Walisimama kifua kwa kifua. Sikio la Mancini lilichanika, jicho likavimba, mkono wake wa kushoto ukafura. Kuna raundi ambazo nilikuwa nahesabu nani anaongoza na nikashindwa. Baadaye nguvu za Kim zikaanza kuisha, lakini hakukubali. Mwanzoni mwa raundi ya 14 Mancini alimwangusha. Kim alishika kamba, akajivuta, akasimama! Refa Richard Green akaona imetosha na kusimamisha pigano. Dakika chache baadaye Kim alipoteza fahamu. Alipasuliwa kichwa hospitalini lakini haikusaidia. Alifariki siku nne baada ya pigano.

Nilimwendea mwalimu wa biolojia anieleze kilichotokea. Alinieleza hivi: ubongo haukushikamana na fuvu, umo ndani ya maji maji. Konde likitikisa kichwa kwa nguvu, ubongo nao husogea, na vimishipa vya damu vilivyo kati yake na utando wa juu huweza kukatika. Damu huvuja polepole. Kwa kuwa fuvu ni gumu, damu hiyo haina pa kutokea, basi inaukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama, kuzungumza, hata kubisha, na bado akawa katika hatari. Tena bondia aliyejinyima maji ili apunguze uzani huingia ulingoni mwili umekauka, jambo ambalo madaktari hulionya sana. Kim naye alihangaika kupunguza uzani kabla ya pigano hilo.

Mapigano ya taji siku hizo yalikuwa ya raundi 15. Kabla mwaka 1982 haujaisha, Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilitangaza kwamba mapigano yao yatakuwa ya raundi 12. Chama cha WBA, ambacho mkanda wake ndio uliopiganiwa, kilifuata mwaka 1987. Ukitazama pigano la taji leo ukaona raundi 12, ujue sababu.

Mancini hakuvunja sheria yoyote, lakini alijilaumu. Alirudi ulingoni 1983 akashinda, ila wengi husema hakuwa yule wa zamani. Juni 1984 Livingstone Bramble alimnyang'anya mkanda. Waliporudiana 1985 alishindwa kwa pointi moja tu. Akastaafu, akajaribu kurudi 1989 na 1992, akashindwa zote mbili. Alishinda mapigano 29 na kushindwa 5. Kim alipofariki mchumba wake alikuwa mja mzito. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima alisafiri Marekani mwaka 2011 akakutana na Mancini nyumbani kwake.

Asije mtu akasema hayo ni ya ughaibuni. Robert Wangila Napunyi wetu, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988 katika uzani wa welta, alipigana Las Vegas Julai 1994. Refa alisimamisha pigano, Wangila akalalamika kwamba bado ana nguvu. Muda mfupi baadaye alizirai, na akafariki. Hapo raundi zilikuwa zimeshapunguzwa, na refa alikuwa ameshaingilia.

Sasa nitaje langu. Likizo ya Aprili nilipigwa vizuri mazoezini, na kichwa kikaniuma siku mbili. Sikumwambia mtu. Nilijua Kocha atanifuta kwenye orodha ya mapigano ya mtaa ya Agosti. Baada ya kusoma habari za Kim nilikosa usingizi bwenini, na tulipofunga kwa mapumziko mafupi nilikwenda moja kwa moja ukumbini.

"Kocha, kuna kitu sikukuambia."

Alinisikiliza hadi mwisho. "We kijana, miezi miwili umenyamaza? Unataka nimwambie nini mamako?" Jina langu likafutwa papo hapo, na kesho yake akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari alinipima, akasema niko salama, ila nisipigwe kichwani hadi muhula wa tatu. Mama, ambaye hataki kusikia neno ngumi, jioni hiyo alipika chapati.

Kwenye mjadala nilieleza yote haya, pamoja na Kim. Nilisema ndondi zisipigwe marufuku, lakini atakayesimamisha pigano asiwe bondia mwenyewe. Tulishindwa kwa kura tisa. Pigano langu limesogezwa hadi Desemba. Ni la raundi tatu, na Kocha amesema taulo litakuwa begani mwake tangu kengele ya kwanza.