Mama wa Makamo Naye Atunzwe



Katika nyumba nyingi za nchi yetu yuko mtu mmoja alalaye wa mwisho na kuamka wa kwanza. Ndiye ajuaye kama chumvi imekwisha, ni mtoto gani akohoaye usiku, na ada ya shule imebaki kiasi gani. Akiulizwa hali yake hujibu, "Sijambo," kisha huendelea kuhesabu shida za wengine. Wiki hii twataka kusema juu yake: mama aliyefika makamo, yaani mwenye miaka 40 na zaidi, hata kufikia 60.

Huenda mtu akauliza, ninyi mnajua nini juu ya mambo ya akina mama? Swali hilo ni la haki. Sisi tunaoandika haya tuna umri wa watoto wao. Tumelelewa na mikono yao, tumekula jasho lao, na tumechelewa kutambua kwamba nao huchoka. Kwa hiyo hatuandiki kama walimu wa akina mama, bali kama watoto wanaotaka kulipa deni.

Somo letu ni hili: mama wa makamo kujitunza mwenyewe si uchoyo wala anasa. Ni wajibu wake, na kumsaidia ajitunze ni wajibu wa nyumba nzima. Ndiyo sababu twawaomba akina baba na vijana wasiupite ukurasa huu wakidhani hauwahusu.

Watu wanne, dhana nne

Tumfikirie mama mmoja, wa mfano tu, ingawa wengi watamtambua. Ana miaka 49. Usiku huamka shuka limelowa jasho. Mchana joto humpanda ghafula kutoka kifuani hata usoni, naye huona haya kusimama mbele za watu. Hata kwaya aliyoipenda ameiacha. Husahau alipoweka funguo, hukasirika upesi, kisha hulia peke yake jikoni.

Mumewe adhani hapendwi tena. Bintiye adhani mama amekuwa mkali bure. Jirani amnong'oneza kwamba amerogwa, na kumwelekeza kwa mtu wa kumwagua. Naye mwenyewe, usiku akiwa macho, adhani siku zake zinakwisha. Watu wanne, dhana nne, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mwili unafuata mwendo wake

Kumbe mama huyo hakurogwa. Mwanamke huzaliwa akiwa na akiba ya mayai ya uzazi. Kadiri miaka inavyopita, akiba hiyo hupungua, na ovari, yaani vifuko vya mayai, hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Ilisaidia pia kuimarisha mifupa, kulinda mishipa ya damu, na kuongoza joto la mwili na usingizi. Basi inapopungua, mambo hayo yote huweza kuyumba.

Wanawake walio wengi hufikia kukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Huhesabiwa kwamba hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo kupita bila damu, pasipo sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Kabla ya hapo huwapo kipindi, pengine cha miaka kadhaa, ambacho hedhi huja bila mpango: mara mapema, mara imechelewa. Katika kipindi hicho mama bado aweza kushika mimba, hata kama amekaa miezi miwili mitatu bila kuona siku zake. Yafaa mume na mke walijue jambo hilo mapema.

Si kila mama hupata taabu. Wako wanaopita kipindi hiki kama wapitao njia iliyonyooka. Wengine hupatwa na joto la ghafula, jasho la usiku, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, viungo kuuma, wasiwasi na huzuni, na ukavu ukeni unaoleta maumivu katika tendo la ndoa. Hili la mwisho ndilo linalofichwa mno, na laweza kuzaa ugomvi mkubwa ndani ya ndoa: mume huona amekataliwa, kumbe mkewe anaumia na anaona aibu kusema. Zipo dawa za kusaidia, hata za kupaka tu. Kwa wale wanaoteseka sana zipo pia dawa za homoni. Lakini hizo huamuliwa na daktari, maana haziwafai wote, mathalani mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Mambo yasiyofaa kungojewa

Lakini tusije tukasema kila jambo ni "mambo ya umri," tukalala. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Yapo mambo ambayo mama akiyaona hana budi kwenda zahanati au hospitali bila kukawia.

Kwanza, damu inayorudi baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hata ikiwa tone moja. Wako wanaofurahi wakisema ujana umerudi. Sivyo hata kidogo. Mara nyingi sababu yake si kubwa, lakini yaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema huweza kutibiwa.

Pili, uvimbe katika titi, au titi kubadilika umbo au ngozi yake, ingawa hakuna maumivu.

Tatu, hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Hiyo yahitaji kuchunguzwa, maana mifupa na moyo hukosa ulinzi wao mapema mno.

Nne, huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili na zaidi, hata mama akakosa hamu ya mambo yote. Hiyo si kukosa imani wala uvivu. Ni ugonjwa wenye matibabu.

Tena yapo maradhi yasiyopiga hodi. Shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na baada ya hedhi kukoma hatari yake na ya maradhi ya moyo huongezeka. Kipimo chake ni cha dakika chache tu. Kadhalika Shirika la Afya Duniani lashauri wanawake wapimwe shingo ya kizazi kuanzia miaka 30, na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuanzia miaka 25. Mama aliyefika 45 pasipo kupimwa hata mara moja asione kwamba amechelewa. Aende.

Chakula, kazi na pumziko

Katika nyumba nyingi mama hupakulia wote, kisha hujipatia kilichobaki, mara nyingi ukoko na mchuzi. Desturi hiyo yaonekana kama upendo, lakini mifupa haijui desturi. Mwanamke wa umri huu ahitaji maziwa, maharage, mboga za majani, matunda, na dagaa waliwao wazima pamoja na mifupa yao. Chumvi ipunguzwe: kwa siku nzima mtu mzima asizidishe gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani.

Juu ya mazoezi, yatupasa kusema kwa busara. Wataalamu hushauri angalau dakika 150 za kuutembeza mwili kila juma. Mama wa mjini, anayekaa dukani au kwenye cherehani mchana kutwa, na atembee kwa miguu jioni. Lakini mama wa kijijini aliyelima tangu alfajiri, akateka maji na kubeba kuni, tusimwambie akakimbie. Huyo mazoezi anayo. Anachokosa ni pumziko. Na pumziko lake halitapatikana kwa maneno matamu, bali kwa kijana wa kiume kushika ndoo, na baba kusema, "Leo ugali tutasonga wenyewe."

Thamani yake haijakoma

Tumesema juu ya mwili. Lakini jeraha la makamo mara nyingi ni la moyoni. Watoto wameondoka, nyumba imekuwa kimya, kioo kinaonyesha mvi, na mama hujiuliza, "Sasa mimi ni wa kazi gani?" Tena akiulizwa kazi yake hujibu kwa sauti ya chini, "Sina kazi, mimi ni mama wa nyumbani tu."

Neno hilo "tu" twataka liondoke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zahesabiwa kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Nazo sheria za ardhi za mwaka 1999 zatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ikiwa mahakimu na watunga sheria wameiona thamani hiyo, yawezekanaje nyumba yake mwenyewe isiione?

Wala makamo si wakati wa kuufunga mlango. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya kimaskini, akaingia mjini mwaka 1911. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri, alikuwa na umri wa karibu miaka 48. Hakungoja kurudishiwa ujana ndipo aanze. Alikwenda na sauti na akili aliyokuwa nayo.

Si kila mama ataimba. Lakini mmoja aweza kujifunza kushona, mwingine kutunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, mwingine kurudi kwenye kwaya aliyoiacha. Vyama vya akina mama, kama WAWATA ulioanza mwaka 1972, vingefanya jema kubwa vikitenga siku ya kuzungumza wazi juu ya kukoma hedhi, na kumwalika muuguzi aje kujibu maswali. Utu uzima dawa, twasema. Basi dawa hiyo isiachwe ikauke chupani kwa haya.

Wajibu wa nyumba

Yuko atakayetujibu: "Mama asipojinyima, nyumba itasimamaje?" Twakubali kwamba kujitoa kwa upendo ni jambo tukufu, na wengi wetu tusingesoma lau mama zetu wasingejinyima. Lakini tutazame mwisho wake. Mama asiyepimwa akaanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52 hakuiokoa nyumba yake. Ataachisha binti kazi ili amwuguze, na akiba yote itakwenda hospitalini. Shilingi aliyoiogopa kuitumia kwa nauli ya zahanati imegeuka kuwa mashamba yaliyouzwa.

Basi turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Hakuhitaji mwaguzi wala hotuba. Alihitaji mumewe aketi karibu naye jioni moja na kusema, "Mama Rosa, naona siku hizi hulali. Niambie, unasikiaje? Kesho twende wote tukamwone daktari." Maneno hayo hayagharimu hata senti moja, wala hayahitaji elimu kubwa. Na huenda asubuhi yake mama akajibu mara ya kwanza kwa ukweli, si kwa "sijambo" ya mazoea.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani hula mwisho na kulala mwisho? Kwa nini?

2. Mama alipimwa lini mara ya mwisho shinikizo la damu? Na shingo ya kizazi?

3. Ni kazi gani moja ya mama ambayo mwingine aweza kuichukua kuanzia wiki hii?

4. Ni jambo gani mama alilipenda zamani akaliacha kwa ajili yetu? Tufanyeje alirudie?

Baba na asome maswali haya kwa sauti, na mama apewe nafasi ya kujibu kwanza.