Soksi za Kubana na Miguu Iliyochoka

Mtu anayesimama ndani ya Ziwa Nyasa, maji yakimfika kiunoni, huwa amebanwa miguu bila kujua. Kwenye kina cha mita moja, maji hukandamiza mwili kwa nguvu ya takriban milimita 74 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Usawa wa goti, nusu mita chini ya uso wa maji, nguvu hiyo hupungua hadi karibu nusu. Kifundo cha mguu hubanwa sana, shavu la mguu hubanwa kiasi, na goti hubanwa kidogo tu.

Jambo hilo ndilo lililomzindua Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Jobst aliteswa kwa miaka mingi na maradhi ya mishipa ya miguu, lakini alipata nafuu kila aliposimama ndani ya bwawa la kuogelea. Kwa akili ya kihandisi, akatafuta namna ya kutengeneza soksi itakayofanya kazi ya maji: ibane zaidi kifundoni, kisha ilegee kadiri inavyopanda. Mwaka 1950 alianzisha kampuni ya kuzitengeneza. Soksi nzuri za kubana zinazouzwa leo bado zinafuata kanuni hiyo. (Hakuna anayeshauriwa kushinda ziwani ili apumzishe miguu. Kichocho kipo, na mamba wapo.)

Uchovu wa aina mbili

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Kihagara, Liuli na Lituhi, dagaa wa usipa wakija kwa wingi wanawake husimama kwenye vichanja tangu alfajiri, wakianika, wakigeuza na kuokota. Jioni ndara zilizokuwa zinapwaya asubuhi zinabana, na ukanda umeacha alama juu ya unyayo. Muuguzi wa zamu ndefu, mwalimu anayesimamia mitihani, muuza duka na fundi cherehani anayeketi kutwa nao wanaijua hali hiyo.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Moyo husukuma damu hadi vidoleni, lakini safari ya kurudi juu hutegemea sana misuli ya shavu la mguu. Kila hatua inapopigwa, misuli hujikaza na kuikamua damu ndani ya vena, na vali ndogo zilizomo huizuia isirudi chini. Anayesimama au kuketi mahali pamoja amezima pampu hiyo. Damu hutuama, maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo na kuingia katika nyama, na mguu unakuwa mzito. Mtu wa namna hii ndiye anayefaidika zaidi na soksi za kubana.

Uchovu wa mlimani ni kitu kingine. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 470. Anayetoka milima ya Umatengo kwa miguu kuelekea ziwani, au anayeshuka na mzigo wa kahawa kwenye mteremko mkali, hufanya misuli yake ijikaze huku ikivutwa, na mvutano huo huacha majeraha madogomadogo ndani ya misuli. Ndiyo maana maumivu ya kushuka mlima huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu kuliko siku yenyewe. Hapa pampu ilikuwa ikifanya kazi muda wote. Tatizo ni misuli iliyochanika, na soksi inaweza kusaidia kidogo tu.

Kidogo kiasi gani? Tafiti zilizolinganisha wanamichezo waliovaa soksi hizi baada ya mazoezi na wale wasiovaa zinaonyesha kwamba waliovaa mara nyingi huripoti maumivu pungufu siku zinazofuata. Tofauti hiyo si kubwa, na sehemu yake huenda inatokana na imani ya mvaaji, kwa kuwa mtu hawezi kubanwa mguu asijue. Kuhusu kasi, ushahidi ni hafifu zaidi. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeshikilia kwa miaka mingi rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, alizoeleka kuonekana barabarani akiwa na soksi ndefu, na wakimbiaji wengi wakamwiga. Lakini Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, miaka mingi kabla ya soksi hizi kuwa fasheni ya wakimbiaji. Kijana wa jogingi anayetaka kasi afadhali atumie fedha yake kwa viatu vinavyomkaa.

Ushahidi ulio imara uko kwenye safari. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane, yakihusisha abiria zaidi ya 2,900 wa ndege za masafa marefu, yalionyesha kwamba waliovaa soksi za kubana walipata damu iliyoganda miguuni bila dalili mara chache mno kuliko wasiovaa, na miguu yao haikuvimba sana kama ya wenzao. Basi la kutoka Mbinga kwenda Dar es Salaam halipai angani, ila abiria wake hukunja magoti kwa zaidi ya kilomita 1,000, na damu iliyotuama haiulizi chombo. Mwenye hatari zaidi, kwa mfano aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, au aliyewahi kuganda damu, anapaswa kuuliza kituo cha afya kabla ya kukata tiketi.

Namba kwenye pakiti

Soksi ya kubana hutambulika kwa namba zinazoandikwa pamoja na mmHg, yaani milimita za zebaki. Kwa uchovu wa kusimama, safari na mazoezi, 15 hadi 20 inatosha watu wengi wenye afya. Kuanzia 20 hadi 30 ni eneo la matibabu: vena zilizotokeza na kujisokota, uvimbe wa kudumu, vidonda vya mguu vilivyopona. Kiwango hicho kichaguliwe na mtaalamu, na 30 hadi 40 ndiyo kabisa. Anayeona maandishi ya daraja la kwanza au la pili asome pia namba zenyewe, maana daraja la kwanza la Uingereza hubana kidogo kuliko daraja la kwanza la Ujerumani. Pakiti isiyo na namba yoyote, hata ikiwa na picha ya mwanariadha anayeruka, ina soksi ndefu tu.

Namba ya kiatu haitoshi kuchagua saizi. Inahitajika futi ya fundi cherehani, na inahitajika asubuhi mtu anapotoka kitandani, kabla mguu haujavimba. Hupimwa mzunguko wa sehemu nyembamba zaidi juu ya vifundo, mzunguko wa sehemu nene zaidi ya shavu la mguu, kisha urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Vipimo hivyo vitatu hulinganishwa na jedwali la pakiti. Miguu yote miwili ipimwe, kwa kuwa si nadra kutofautiana. Anayepima jioni hununua saizi ya uvimbe wake, na kesho asubuhi soksi inateleza.

Kuivaa kuna ufundi wake. Mkono huingizwa ndani hadi kisiginoni, kisigino kinakamatwa, na soksi inageuzwa nje ndani mpaka hapo. Mguu, mkavu na usio na mafuta, huingia sehemu ya unyayo kwanza, kisha kitambaa kinapandishwa kidogo kidogo kwa viganja. Kuivuta kwa ukingo wa juu huirarua na kuharibu mpangilio wa mbano. Ikizidi urefu, kosa kubwa ni kuikunja chini ya goti: mkunjo hurudufisha mbano mahali pamoja na kufunga mguu kama kamba, damu ikazuiwa badala ya kusaidiwa. Makunyanzi kifundoni nayo yanyooshwe. Usiku soksi hupumzika, isipokuwa mtaalamu ameagiza vingine.

Ioshwe kwa mikono, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ianikwe kivulini. Pasi na jua kali huua mpira wake. Inayovaliwa kila siku huanza kulegea baada ya miezi mitatu hadi sita, na hapo ndipo mitumba inapopoteza sifa: soksi iliyonyooshwa na miguu ya mtu mwingine bado ina namba yake, lakini mbano wake umekwisha. Vipande vya tyubu ya baiskeli na bandeji zilizofungwa kwa kukisia visitumike kabisa, kwa sababu hakuna anayejua vinabana kwa kiasi gani.

Mguu usiofaa kuvalishwa

Wapo ambao soksi hizi zinaweza kuwadhuru. Mwenye mishipa ya ateri iliyoziba, ambaye shavu la mguu huuma akitembea na kutulia akisimama, tayari damu yake inafika kwa shida. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hatajua soksi inapomchubua. Mwenye matatizo makubwa ya moyo anaweza kurudishiwa maji mengi kifuani kwa mkupuo. Ngozi yenye kidonda kibichi au maambukizi isubiri. Mwenye matende ana matunzo yake: kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha vizuri, kuuinua na kuufanyisha mazoezi. Mbano kwake hupangwa na aliyefundishwa. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au kubadilika rangi, soksi ivuliwe papo hapo.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, hauvalishwi soksi wala kukandwa. Unapelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda. Kifua kikiuma au pumzi ikibana, ni dharura. Mjamzito anayevimba uso na mikono, akiumwa kichwa na kuona ukungu, asisubiri siku ya kliniki, maana hizo ni dalili za kifafa cha mimba.

Kituoni, mhudumu hubonyeza mfupa wa muundi kwa kidole kuona kama shimo linabaki, hutafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, hupima presha na mkojo, na huuliza dawa anazotumia mgonjwa, kwani baadhi ya dawa za presha, kama amlodipine, huvimbisha vifundo. Mgonjwa aende na pakiti za dawa zake zote, na kama ameshanunua soksi, aje nazo mkononi.